Kozi za amali sekondari: anayetoa ithibati siye anayenunua vijiti vya kuchomelea

Patasi (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Tangu Januari 2024 kuna watoto walioanza kidato cha kwanza kwenye mkondo wa amali, yaani wa kufundishwa fani ya kazi, na hao wa mwanzo wanafika kidato cha nne mwaka 2027. Humu tumeshabishana sana kuhusu mtaala, somo gani limeingia na lipi limetoka. Leo nataka tuongelee hela, kwa sababu hela ndiyo inayoamua kama fani inafundishwa kweli au imeandikwa tu kwenye kibao cha shule.

Kwa ambao hawakufuatilia: Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, ambayo Rais Samia aliizindua Dodoma Februari 2025, imeigawa sekondari ya chini njia mbili. Kuna mkondo wa elimu ya jumla na kuna mkondo wa amali. Mtoto wa amali anasoma masomo kadhaa ya jumla, kisha ana fani yake: umeme, ujenzi, ushonaji, kilimo, upishi, michezo na nyinginezo. Matarajio ni atoke na cheti cha NECTA (baraza la mitihani) kwa masomo ya jumla na cha NACTVET (baraza la elimu ya ufundi) kwa fani. Sina ugomvi na mpango huo hata kidogo.

Ugomvi wangu uko kwenye milango. Mtaala unaandikwa TET, Taasisi ya Elimu. Usajili wa shule ni wa Kamishna wa Elimu chini ya Sheria ya Elimu, Sura ya 353. Ithibati ya fani, yaani idhini ya kuifundisha, iko NACTVET. Shule yenyewe, kama ni ya serikali, iko halmashauri, yaani TAMISEMI. Hela ya uendeshaji inatoka Hazina. Nenda mlango wowote kati ya hiyo uulize, utaonyeshwa faili kwamba kazi imefanyika, na kweli imefanyika. Lakini anayeandika kwamba shule fulani inafaa kufundisha uchomeleaji hana fungu la kununua chuma. Mwenye fungu naye hakuna aliyemuuliza chuma kiasi gani kinaliwa kwa muhula.

Tupige hesabu ya haraka. Kiwango cha kapitesheni (ruzuku ya serikali kwa kila mwanafunzi) tulichokizoea tangu elimu bila malipo ianze 2016 ni shilingi 25,000 kwa mwanafunzi wa sekondari kwa mwaka, na humo humo kuna fungu la vitabu. Chukua darasa la watoto 40, unapata shilingi 1,000,000. Mwaka wa masomo una siku 194, sawa na wiki 39 hivi. Gawanya: ni shilingi 25,000 na ushee kwa wiki, kwa watoto wote 40, hata kama usingetoa senti ya vitabu, chaki, karatasi za mitihani wala bili ya umeme. Sasa mpe mwalimu wa kuchomelea hiyo 25,000 anunue vijiti, bati, bomba za mraba na diski za grinda. Kila mtoto ashike mashine angalau mara moja kwa wiki. Nani ataweza?

Kiwango hicho kilipangwa kwa darasa la chaki na daftari. Kwa darasa la historia kinaweza kubanwabanwa kikatosha. Karakana inakula kila siku inapofunguliwa, na isipofunguliwa hakuna kilichofundishwa.

Mkuu wa shule hapo atafanya nini? Si mjinga. Ataomba ithibati ya fani isiyokula. Ndiyo maana mtu asishangae siku tukigundua tuna wanafunzi lukuki kwenye fani nyepesi za vifaa na wachache kwenye umeme na mitambo, halafu tuseme vijana hawapendi kazi ngumu.

Pendekezo langu: ithibati ya fani isitolewe peke yake. Itoke na bei yake. NACTVET ikisema shule hii inaweza kufundisha umeme kwa wanafunzi 30, kwenye karatasi hiyo hiyo iandikwe gharama ya malighafi kwa mwanafunzi mmoja kwa mwaka, na Hazina iipeleke juu ya kapitesheni ya kawaida. Fedha isipotoka, shule isipokee watoto wa fani hiyo mwaka huo.

Nawasilisha.

NgojaWaje

Ngoja waje wenye sekta yao. Nimekaa siti ya mbele.

Mwalimu wa Zamu

Patasi, umegusa penyewe. Nafundisha fani ya umeme shule ya serikali. Sitaitaja, na msiniulize mkoa.

Niwape picha ya darasani. Zoezi la kwanza kabisa ni taa moja na swichi moja kwenye ubao wa mafunzo. Kila kundi linafunga, nakagua, linafungua ili kundi lingine lifunge. Kila ukifungua waya unakata ncha iliyochakaa na kumenya upya. Mwanzo wa mwaka waya ulikuwa mrefu na unapinda vizuri kwenye kona. Muhula wa pili waya ule ule haufiki kutoka kwenye swichi hadi kwenye taa, watoto wanaunga katikati kwa selotepu. Yaani namfundisha mtoto kosa ambalo mkaguzi wa umeme akilikuta nyumbani kwa mtu analikataa.

Mwenzangu wa uashi ana nafuu. Yeye anajenga kwa udongo au chokaa, watoto wanapima timazi, wanapiga pima maji, kisha ukuta unabomolewa na matofali yanarudi pembeni. Kesho wanaanza tena. Chuma kikishachomelewa hakirudi. Kitambaa kikishakatwa hakirudi.

Na kuhusu ukaguzi wa ithibati, nitasema tu hivi: siku ya wageni karakana huwa na vifaa vingi kuliko siku nyingine. Vingine vinarudi vilikotoka jioni ile ile.

Patasi

Mwalimu, shukrani. Hapo kwenye matofali umenifungulia kitu. Maana yake fani haziwezi kupewa bei moja hata zote zikiitwa amali.

Kuna fani ambazo malighafi yake inarudi, kama uashi wa mazoezi. Kuna ambazo inaisha kabisa, kama kuchomelea na sehemu kubwa ya umeme. Kuna ambazo inaisha lakini inaacha kitu cha kuuzika: ushonaji, upishi, kilimo, useremala. Na kuna kompyuta, ambazo haziishi kwa wiki ila zinakufa zote pamoja baada ya miaka michache, halafu hakuna fungu la kununua nyingine kwa sababu zile za mwanzo zilitoka kwenye mradi. Hilo la mwisho ndilo hatari kuliko yote, kwa sababu siku ya kutoa ithibati chumba cha kompyuta kinang'aa na kila mtu anapiga picha.

Ukiweka kiwango kimoja kwa wote, kundi la pili, lile la malighafi inayoisha kabisa, linakufa kwanza. Nalo ndilo tunalolihitaji zaidi.

Kiazi Kitamu

Hapo kwenye fani za kuuzika nawaona mnataka kutuletea shamba la shule tena. Sisi wa zamani tunajua. Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 ilikuwa na maneno mazuri, ila kwa wengi wetu kilichobaki ni jembe kama adhabu na mboga zilizoishia nyumbani kwa mwalimu. Mkiambia shule ijiendeshe kwa kuuza magauni, mtoto atashona kola zile zile mia moja kwa sababu oda ni ya kola. Atakuwa kibarua asiyelipwa.

Mwalimu wa Zamu

Kweli kabisa. Mauzo yarudishe gharama ya kitambaa, yasiwe bajeti.

Hesabu Kali

Mnatafuta hela kana kwamba haipo. Kuna tozo ya kuendeleza ufundi stadi, ile wote tunaiita SDL. Inatozwa chini ya Sheria ya VETA (mamlaka ya ufundi stadi), Sura ya 82, na mwajiri ndiye anayelipa kwa asilimia ya mishahara yote anayotoa. Ilikuwa asilimia 6, ikashuka hadi 5 mwaka 2013, 4.5 mwaka 2016, 4 mwaka 2021, kisha 3.5 mwaka 2023. Mwaka 2021 pia walipandisha kizingiti, ikawa mwajiri mwenye wafanyakazi kuanzia 10 badala ya 4.

Sasa tozo hiyo ina jina la ufundi stadi, lakini VETA inapata theluthi moja. Theluthi mbili zinaenda serikalini, na kwa miaka mingi zimekuwa zikisaidia mikopo ya wanafunzi wa vyuo vikuu. Waajiri wamelilalamikia hilo mpaka wamechoka. Wao wanasema tunalipia fundi, mnasomesha mwanasheria.

Kwa hiyo Patasi, kabla ya kubuni ruzuku mpya, anzia hapo. Sehemu ya zile theluthi mbili ipelekwe kwenye malighafi ya amali sekondari, iandikwe kwenye sheria kabisa, siyo kwenye hotuba.

Mkopo Wangu

Mkuu, na sisi wa chuo kikuu tunaosubiri boom (hela ya mkopo) tule nini? Ukikata huko unahamisha njaa kutoka karakana kwenda hosteli.

Hesabu Kali

Mikopo ya elimu ya juu ipate fungu lake kwenye bajeti kuu. Si lazima ikae mgongoni kwa tozo ya mafundi. Ila nakubali Hazina haitaachia kirahisi, na kila mwaka kiwango kikishuka chungu kinazidi kuwa kidogo. Waajiri hao hao wanaotaka mafundi ndio wanaoshangilia asilimia ikipungua. Hilo nalo waulizwe.

Mwenye Shule

Niseme kama mmiliki wa shule binafsi. Mkondo huu ulianza na shule chini ya mia moja, nyingi zikiwa za kwetu binafsi. Tulinunua mashine, tukaajiri walimu wa fani, tukasubiri ithibati huku mkopo wa benki unatembea. Serikali inatuhesabu inapotaja idadi ya shule za amali, lakini ikifika kwenye ruzuku hatumo. Mzazi ndiye analipa kila kitu.

Kama hoja ni fedha imfuate mwanafunzi wa fani, basi imfuate popote alipo. Siombi ruzuku ya majengo. Naomba ile gharama ya malighafi anayoisema Patasi, na mje mkague risiti.

Kiazi Kitamu

Hela ya umma kwenye shule yenye ada ya mamilioni? Hapana kwa kweli.

Mwenye Shule

Si kila shule binafsi ni ya mamilioni, ndugu. Ziko za taasisi za dini ambazo zimefundisha useremala na ushonaji kabla hata VETA haijaundwa mwaka 1994.

Jirani wa Namanga

Habari zenu majirani. Mimi niko Kenya, na hii hadithi naifahamu. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza 1985 tuliambiwa kila shule iwe na warsha: useremala, ufundi chuma, sayansi kimu, sanaa na ufundi. Serikali ikaagiza, wazazi wakajenga kwa harambee. Shule za wazazi wenye uwezo zikapata mashine na randa, zingine zikapata chumba cha mabati kisicho na kitu ndani. Mtihani ukawa ni ule ule kwa wote. Mtoto anaulizwa kuhusu kifaa ambacho amekiona kwenye mchoro tu.

Mzigo wa masomo ukawa mkubwa, gharama pia, na kufikia 2002 masomo mengi ya aina hiyo yalipunguzwa au kuondolewa. Warsha zingine ziligeuzwa kuwa madarasa au stoo. Kwa hivyo mkisikia neno "jamii itachangia", shikeni mifuko.

Mzee wa Randa

Jirani kasema vizuri, ila hata sisi hatukuhitaji kuvuka mpaka. Miaka ya sabini shule zetu za sekondari ziligawiwa michepuo: kilimo, biashara, ufundi, sayansikimu. Mbali ya hizo zilikuwapo shule za ufundi zenyewe, Ifunda, Moshi, Tanga, Mtwara, Bwiru, Musoma na Iyunga. Hizo zilikuwa na mashine za maana. Tuliotoka huko tulishika lathe, mashine ya kukereza chuma, kabla ya kushika leseni ya kuendesha gari.

Mwaka 1985 Benki ya Dunia ilitoa uchunguzi uliolinganisha michepuo ya Tanzania na ya Colombia. Waliona gharama kwa mwanafunzi wa mchepuo ni kubwa kuliko wa kawaida, ufundi ukiwa ghali zaidi, na hawakuona faida ya wazi kwenye kipato baada ya shule. Wafadhili wakaushika uchunguzi ule kama msahafu. Miaka iliyofuata fedha zikaelekezwa elimu ya msingi, karakana zikabaki na mashine zisizo na vipuri.

Mimi siukubali wote. Uliwafuata vijana kwa muda mfupi baada ya kumaliza, na tena katika uchumi ambao ajira nyingi zilikuwa za serikali. Fundi hajengi jina kwa mwaka mmoja. Lakini swali lao bado halijajibiwa: kama fani ni ghali mara kadhaa kuliko darasa la kawaida, unamwonyeshaje Waziri wa Fedha kwamba inalipa? Huwezi kumwonyesha kama hujui wahitimu wako wapi. Kwa hiyo pamoja na bei, ithibati idai shule ifuatilie wahitimu wake. Namba ya simu tu ingetosha kuanzia.

Msomi wa Jioni

Kuna upande mwingine wa ithibati ambao hamjaugusa. Idhini ikitolewa ovyo nayo ni balaa. Uingereza shule zilikuwa zinapimwa kwa matokeo, na vyeti vya ufundi vikahesabiwa kuwa sawa na mitihani ya kawaida, vingine kimoja kikihesabiwa sawa na mitihani kadhaa. Shule zikakimbilia vilivyo rahisi ili zipande kwenye orodha. Mwaka 2011 Profesa Alison Wolf aliandika ripoti akasema vijana wasiopungua 350,000 wa miaka 16 hadi 19 wanapata manufaa madogo au hawapati kabisa kwenye masomo yao. Januari 2012 serikali ikafyeka: kutoka vyeti zaidi ya 3,000 vilivyokuwa vinahesabiwa, vikabaki 125, na 70 tu kati ya hivyo ndivyo vilivyohesabiwa kwenye kipimo kikuu.

Walioumia ni watoto waliokuwa wameshavipata.

Patasi

Hilo ni zito. Bahati yetu NECTA iliacha kutangaza shule kumi bora Januari 2023, kwa hiyo kichocheo cha kukimbiza orodha kimepungua kidogo. Ingawa wazazi wanaipanga wenyewe kwenye simu, tunajuana.

Nyundo Nane

Patasi, mimi napinga pendekezo lako la msingi. Unasema fedha isipotoka shule isipokee watoto. Unajua maana yake? Shule ya kata iliyo pembezoni haitapata fani milele, kwa sababu kila mwaka fedha "haijatoka". Shule za mjini zenye wadau zitaendelea. Sharti lako litawalinda watoto dhidi ya kozi hewa kwa kuwanyima kozi kabisa. Bora waanze na kidogo.

Patasi

Nyundo, hoja nzuri, ila nijibu kwa swali. Mtoto aliyekaa miaka minne kwenye fani ya umeme bila waya, amepata kidogo au amepoteza? Yule wa mkondo wa jumla angalau katumia saa zile kwenye fizikia na kemia. Huyu saa zake za fani zimekwenda na kemia hana.

Kwa shule za pembezoni kuna njia ya tatu. Serikali inajenga vyuo vya VETA kuelekea kila wilaya, na tuna vyuo vya maendeleo ya wananchi 54 ambavyo karakana zake nyingi zina nafasi. Ithibati ipewe kundi: shule tatu au nne na chuo kimoja. Nadharia shuleni, vitendo chuoni kwa wiki kadhaa mfululizo, na fedha ya malighafi ikae chuoni ambako tayari kuna mtunza stoo. Kununua mashine moja ikafanya kazi mwaka mzima ni bora kuliko mashine nne zinazolala.

Nyundo Nane

Na nauli? Na malazi ya watoto wa kike wa miaka kumi na tano wiki tatu chuoni na watu wazima?

Patasi

Bweni tofauti na matroni, na gharama yake iingie kwenye bei ya fani. Bila hilo isifanyike. Hapo sina mjadala.

Mwalimu wa Zamu

Niongeze la walimu, maana mashine zikija bila mwalimu ni mapambo. Mwalimu wa fani anatakiwa awe fundi na awe mwalimu. Chuo kinachowaandaa walimu wa ufundi stadi kipo Morogoro, lakini angalieni kalenda. Mwaka 2027 darasa la sita wa mtaala mpya na darasa la saba wa mtaala wa zamani wanamaliza pamoja, Januari 2028 wote wanaingia kidato cha kwanza. Hata sehemu ndogo ya wimbi hilo ikielekezwa amali, fundi sanifu aliye mtaani leo na anayepata hela yake kila siku atashawishiwa vipi aje kuanza kwa mshahara wa mwalimu mpya? Hiyo nayo ni gharama ya fani na haimo kwenye hesabu ya mtu yeyote hapa.

Hesabu Kali

Mpeni mkataba wa saa. Fundi aje siku mbili kwa wiki, alipwe kwa kipindi, na mwalimu wa kudumu awepo kusimamia darasa. Sekondari nyingi tayari zina walimu wa muda wa sayansi.

Mwalimu wa Zamu

Wanaolipwa na michango ya wazazi, mkuu. Tumerudi kwa jirani wa Namanga.

Mama Wawili

Nimesoma uzi wote. Mtoto wangu wa pili anapenda sana mambo ya mitambo na tunafikiria shule ya amali. Sijui niulize nini nikifika kwa mkuu wa shule. Hizi habari za Hazina na tozo mimi siwezi kuzibadilisha leo.

Mwalimu wa Zamu

Mama, omba kuona barua ya ithibati ya hiyo fani, siyo usajili wa shule. Ni vitu viwili. Soma imetolewa kwa fani ipi na kwa wanafunzi wangapi, kisha uliza waliopo ni wangapi.

Halafu usiende siku ya mahafali. Nenda Jumanne au Jumatano saa za vipindi, uombe kuingia karakana. Angalia sakafu. Karakana ya mitambo inayofanya kazi ina vumbi la chuma, mafuta, vipande vya mabaki kwenye ndoo. Ikiwa safi kama zahanati, uliza mara ya mwisho ilifunguliwa lini. Omba daftari la stoo uone malighafi ilitoka lini na kwa darasa gani. Mkuu wa shule mwenye kazi yake hatakasirika, atafurahi kuna mzazi anauliza.

Mzee wa Randa

Na zungumza na mtoto wa kidato cha tatu wa fani hiyo bila mwalimu kuwepo. Mwambie akueleze kitu alichokitengeneza kwa mikono yake muhula huu, hatua kwa hatua. Akianza kukusomea daftari, rudi nyumbani.

Mama Wawili

Asanteni sana. Nitakwenda wiki ijayo, nitaleta mrejesho.